“Sasa unamtafuta nani?” Barua ya wazi kwa wanaoshika majalada ya watoto walioasiliwa

Kwa Waziri mwenye dhamana ya maendeleo ya jamii, Kamishna wa Ustawi wa Jamii, Msajili Mkuu wa Vizazi na Vifo, na Waheshimiwa Majaji wa Mahakama Kuu ambao amri zao ndizo zilizotupatia wazazi.

Waheshimiwa, shikamooni.

Jina langu silitaji kwa sababu kuna mzee mmoja Kagera ambaye sijamwomba ruhusa ya kueleza habari za nyumba yake. Mkifika mbele mtanielewa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Nilizaliwa Kagera mwaka 1988, nikaasiliwa 1990 na mwalimu wa shule ya msingi na mumewe, aliyekuwa fundi wa reli. Baba alifariki 2007. Mama yupo, anasumbuliwa na magoti lakini bado ananikosoa nikipinda mshono. Ninaposema “mama” kwenye barua hii namaanisha yeye. Aliyenizaa nitamwita mama mzazi, maana sikupata nafasi ya kumuuliza angependa nimwiteje.

Mwaka 2014 nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Kliniki nesi alifungua kadi akaanza: kwenu kuna kisukari? Sijui. Presha? Sijui. Selimundu? Sijui. Kuna aliyezaa mapacha? Sijui. Hapo aliinua uso akaniangalia kama mtu anayemfanyia kiburi. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni, kwa hiyo sikueleza kitu. Kwenye kadi aliandika “hakuna”, akachukua kadi nyingine. Nchi yetu ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na mimi kadi yangu ilisema hakuna.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakunijibu mpaka alipomaliza ungo mzima, akapeta, akasema, “Basi tukawaulize wenye karatasi.” Kesho yake alivaa gauni lake la kanisani tukaondoka wote wawili.

Ofisi tuliyokwenda siitaji, na kijana aliyetupokea simlaumu. Alikuwa na adabu na alitutafutia viti. Aliniuliza shida yangu. Nikamwambia namtafuta mama yangu mzazi.

“Alipotea lini?”

“Hakupotea. Mimi niliasiliwa.”

“Na huyu uliyekuja naye?”

“Ni mama yangu.”

Aliweka kalamu mezani. “Dada, mama yako si huyu hapa? Sasa unamtafuta nani?”

Watu waliokaa kwenye benchi walicheka, na hata mimi ningecheka kama jambo lingekuwa la mwingine. Mama hakucheka. Alimwambia, “Baba, anamtafuta mama yake. Mimi nimemsindikiza.” Kijana alimwangalia muda mrefu, kisha akaingia ndani kumuuliza mkubwa wake. Alirudi na jibu ambalo tulikuja kulisikia kwenye milango mingine mingi: leteni amri ya mahakama.

Nimeisoma sheria kwa kadiri ya uwezo wangu, na kijana mmoja aliyemaliza chuo cha sheria amenisaidia nikamlipa kwa suti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inasema mtoto ana haki ya jina, ya utaifa, na ya kuwajua wazazi waliomzaa na ndugu wa ukoo wake. Nilikirudia kifungu hicho mara tatu nikidhani nimekosea kusoma. Sheria hiyohiyo ikifika kwenye kuasili, inamwachia mzazi aliyeasili amwambie mtoto kwamba aliasiliwa, mtoto akishafika miaka 14 na ikiwa kumwambia kuna manufaa kwake. Msajili Mkuu naye anatunza rejista ya watoto walioasiliwa, na zile kumbukumbu zinazounganisha usajili wa kwanza wa kuzaliwa na huu wa pili hazifunguliwi kwa kila anayefika dirishani. Ufunguo uko mahakamani.

Sina ugomvi na kufuli. Jalada la mtoto si la kusomwa na kila mpita njia. Ninachouliza ni kwamba mwenye jalada naye anahesabiwa mpita njia mpaka lini?

Maana hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeweza kunifafanulia. Nikiwa na miaka 15 mama alimuuliza afisa mmoja wa ustawi kuhusu ndugu zangu, akaambiwa asubiri nikue. Nilipokwenda mwenyewe nikiwa na miaka 26, afisa mwingine alinisomea kifungu cha 6 kwa sauti, akasema, “Umeona? Mtoto. Na mtoto ni aliye chini ya miaka 18.” Nimejaribu kumhesabia mtoto anayeasiliwa leo ni siku gani hasa atakuwa na haki hiyo mkononi. Akiwa mdogo ataambiwa asubiri akue, na akishakua ataambiwa sheria hii ni ya watoto.

Wakili niliyemwendea alinieleza bila kuzunguka kwamba maombi ya Mahakama Kuu yana gharama. Alitaja kiasi, na mimi nilikuwa nashona sare za shule kwa mkopo wa vikoba. Nikaacha njia hiyo, nikaanza ile ya kubisha hodi.

Yale makao ya watoto niliyolelewa kwa miaka miwili yalikuwa yamebadilisha uongozi. Walinifungulia stoo. Rejista za miaka ile zilikuwa chini kabisa kwenye boksi, na mchwa walikuwa wameanzia huko chini. Nilishika kitabu, nusu kikabaki mkononi na nusu ikamwagika sakafuni kama unga wa muhogo. Sista aliyenipeleka alitikisa kichwa, akafagia. Hospitali nilikozaliwa waliniambia vitabu vya wodi ya wazazi vya zamani vilihamishwa, ila aliyevihamisha amestaafu. Kwenye ofisi ya tatu mtu alinifuata mpaka nje, akaniambia jalada analijua lilipo na kwa laki tatu nitalisoma kesho. Kishoka. Nilizunguka na hizo laki tatu kichwani wiki nzima. Sikumpa, na sababu haikuwa uadilifu. Sikuwa nazo.

Waheshimiwa, kishoka haoti mahali palipo na dirisha linalofanya kazi. Hilo mnalijua kuliko mimi.

Aliyenisaidia hatimaye alikuwa mama mmoja mstaafu aliyewahi kufanya kazi za ustawi huko Kagera. Tulimpata kwa njia ya kwaya: mtu wa kwaya ya mama alikuwa na dada anayeimba kwaya nyingine Bukoba, na huyo dada alikuwa anasali naye. Alikumbuka. Alisema mama mzazi alikuwa binti wa kidato cha pili, mrefu, aliyefukuzwa shule kwa ajili yangu, na kwamba siku ya kunikabidhi alikuja amevaa viatu vya shule. Alinitajia kata na jina la babu yangu. Alivunja utaratibu wa kazi aliyoifanya maisha yake yote, na alijua anauvunja, kwa sababu kabla ya kusema alifunga mlango.

Hapo nataka nisimame kidogo. Wasichana waliojifungua waliruhusiwa kurudi shule za serikali Novemba 2021. Kabla ya hapo, binti wa kidato cha pili mwenye mtoto mkononi alikuwa na njia chache sana, na nyingi zilipita mlangoni kwenu. Wengi wetu tulioasiliwa miaka ile hatukutupwa na mtu. Tulitolewa na wasichana waliokuwa wamefungiwa kila mlango ukabaki mmoja. Nikisikia redioni mtu anasema “mama asiye na utu” huwa nazima.

Mama mzazi tulimpata mwaka 2018. Niseme tulipata kwao, maana yeye alikuwa amefariki 2016. Nilianza kubisha hodi 2014. Naomba hesabu mtoe wenyewe.

Sasa niwaeleze nilivyofika, kwa sababu ndipo kosa langu lilipo. Nilipanda basi la alfajiri, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, miguu ikavimba. Mtendaji wa kata alinipa kijana wa bodaboda wa kunifikisha. Sikutanguliza barua wala simu, kwani sikuwa na namba ya mtu yeyote. Nilishuka kwenye kibanja chenye migomba mpaka mlangoni, nikamkuta mzee ameketi anaanika kahawa. Nikamsalimu nikajitambulisha: mimi ni mtoto wa marehemu.

Yule mzee alikuwa mume wake. Alikuwa ameishi naye zaidi ya miaka 20, wamezaa watoto wanne, amemzika kwenye kibanja kilekile nyuma ya nyumba, na hakuwahi kusikia kwamba kabla yake kulikuwa na mimi.

Hakunifukuza. Aliinuka, akaniletea kiti, akanipa kahawa za kutafuna kwenye kisahani kama mgeni yeyote anavyopewa kule, halafu akaingia migombani na hakutoka mpaka giza. Nilikaa pale nimeshika zile punje nisijue nizitafune au nizirudishe. Wadogo zangu walinizunguka wakinitazama, na aliyekuwa mkubwa, msichana wa miaka kama 22, aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, “Kwa nini hukuja wakati mama yupo?”

Hilo swali siwezi kulijibu mimi. Ndiyo maana naliandika kwenu.

Lakini lile la mzee ni langu. Nilimpiga mtu aliyefiwa na jambo ambalo lingeweza kumfikia taratibu, kwa mdomo wa mtu anayemjua, siku ambayo amekaa. Katika ofisi zote nilizopita hakuna hata moja ambayo kazi yake ilikuwa kunitangulia. Kila moja ilijiona inalinda siri, na siri ikaja kupasuka uani kwa mzee wa watu saa tisa mchana.

Siku ya pili aliletwa mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu. Alinishika kichwa, akanizungusha kama ninavyomzungusha mteja, akasema “waitu” mara nyingi, kisha akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi kazi yangu ni kupima watu. Tangu nianze kujishonea, nguo zangu huwa naziongezea kidogo bega la kushoto, maana limeshuka kuliko la kulia. Mwalimu wangu wa ushonaji alisema ni kwa sababu nilibebeshwa ndoo nikiwa mdogo. Mama mdogo alipogeuka kuita watoto, nikaliona bega langu limevaa kitenge. Lilikuwa lilelile la kushoto. Sikuweza kusema kitu. Nilitoa futi kwenye mkoba nikampima, naye akakubali kupimwa bila kuuliza kwa nini.

Mjomba hakuridhika na bega. Alitaka vinasaba, na sikumwona mbaya, kwa sababu kuna ardhi na kuna matapeli. Hapo nikagundua mlango mwingine. Kwa Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, kipimo hicho ni cha maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtu haendi pale mwenyewe kama anavyokwenda kupima malaria. Anatakiwa atoke na barua ya mwenye mamlaka, kama vile ustawi, wakili au mahakama. Utaratibu huo naukubali, maana unazuia watu kuvunjiana ndoa kwa hasira. Ila ofisi ya kwanza niliyoomba barua iliniambia fomu zao ni za matunzo ya mtoto. Mimi si mtoto na sidai matunzo, kwa hiyo sikuwa na kisanduku cha kuwekwa tiki. Ofisi ya pili waliandika kwa mkono. Majibu yalipotoka mjomba aliyasoma, akayakunja mara nne, akasema bega lile ni la babu na hata bila karatasi alikuwa ameshajua. Kisha akanitajia muziro wa ukoo, yaani kile kitu ambacho watu wa ukoo wetu hawali. Nimekila miaka 30 na ninakipenda sana. Sitakitaja hapa, wadogo zangu wataniaibisha.

Nayajua majibu mtakayonipa, nimeyasikia yote.

La kwanza ni kwamba akina mama wale waliahidiwa siri. Inawezekana wako walioahidiwa, na wako walioiomba. Lakini hakuna aliyewahi kurudi kuwauliza. Mama mdogo aliniambia dada yake alikuwa akisikia wimbo wowote wenye jina nililopewa nikizaliwa, anatoka nje. Huyo siri ilimlinda na nini? Mwingine atasema hataki kabisa kuonwa, na haki yake iheshimiwe. Tofauti ya hawa wawili haiwezi kujulikana kwa kukaa kimya masjala.

La pili huwa linasemwa kwa kunong’onezwa: mkiwafungulia, watawaacha waliowalea. Waliniambia hivyo mbele ya mama. Alivyojibu yeye ni kwamba amefundisha watoto wa watu kwa miaka 34 na hakuna aliyemsahau kwa kujua kusoma. Mwaka 2019 nilimpeleka Kagera. Alibeba sukari, khanga doti mbili, na picha zangu zote za shule kwenye bahasha, akazipanga juu ya jamvi mbele ya yule mzee mmoja baada ya nyingine, darasa la kwanza mpaka la saba. Mzee alizitazama zote. Kwenye ya darasa la nne alisema neno la kwanza aliloniambia tangu nifike kwake mwaka mmoja kabla: “Hapa ni yeye kabisa.”

La tatu ni kwamba mila na dini zetu hazina mambo haya. Ndugu zangu Waislamu watawasahihisha: mtoto wa kulea haitwi kwa ubini wa aliyemlea, anabaki na nasaba yake, na Zanzibar wana kafala, yaani malezi ya namna hiyo, ndani ya sheria yao ya watoto ya 2011. Na bibi zetu walilea watoto wa watu bila kuwafuta kwao. Mtoto alijua huyu ni mama mkubwa ananilea na kwetu ni kule ng’ambo ya mto. Kufuta kulikuja na karatasi. Mimi niliasiliwa kwa ile sheria ya zamani tuliyorithi kwa Mwingereza, naye Mwingereza kwake alishaibadilisha. Scotland mtu mzima aliyeasiliwa ameweza kupata cheti chake cha kwanza tangu sheria ya 1930. England na Wales waliruhusu kwa sheria ya 1975, na kwa walioasiliwa kabla ya Novemba ya mwaka huo wakaweka sharti la kuonana kwanza na mshauri, wakijua kuna akina mama walioahidiwa siri. Ireland, ambako siri hiyo ilikuwa nzito kuliko kwingi, walitunga sheria yao 2022: taarifa za kuzaliwa unapewa, na mzazi akiwa ameandikisha kwamba hataki kutafutwa, mwombaji anaelezwa hivyo kwanza, anakumbushwa kuheshimu faragha ya mwenzake, ndipo anapewa karatasi.

Na kama mnadhani majalada yakilala muda mrefu yanakufa, tazameni hapo jirani. Mamia ya watoto chotara walikusanywa kwenye misheni ya Save, Rwanda, mbali na mama zao, wakasafirishwa kwenda Ubelgiji kati ya 1959 na 1962. Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliwaomba radhi bungeni Aprili 2019, wengine wakiwa wazee wenye fimbo. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa ushindi wanawake watano waliochukuliwa kwa mama zao Kongo. Korea Kusini nako, Machi 2025 tume ya ukweli ilisema wazi kwamba baadhi ya watoto waliopelekwa nje kuasiliwa waliandikiwa yatima huku wazazi wao wapo hai. Wote hao wanatafuta kitu kilekile nilichokitafuta mimi kwenye lile boksi la mchwa. Sisemi hapa kwetu kulifanyika hayo. Nasema tusipotunza karatasi hatutaweza hata kusema kwamba hayakufanyika.

Jambo jingine, na hili wala si la huruma. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla ya ndoa, ibandikwe ili mwenye pingamizi ajitokeze, na inakataza ndugu kuoana. Notisi yangu ilibandikwa siku zote 21. Nani angejitokeza kunipinga, na ndugu zangu hawajui kama nipo? Mume wangu ni mtu wa Iringa, nikajipa moyo kwa kilometa. Wako wenzangu walioasiliwa na kulelewa wilaya ileile walikozaliwa.

Naomba nini basi? Naomba dawati. Neno hilo mnalijua, polisi wana dawati la jinsia na watoto na linafanya kazi. Dawati moja katika Ustawi wa Jamii la kila mkoa, ambako mtu aliyefikisha miaka 18 aliyeasiliwa anaweza kufika na kitambulisho chake cha NIDA, akajaza fomu, na kuanzia hapo anayetafuta ni afisa. Afisa ndiye aende kwa Msajili, afisa ndiye apige hodi kule kwingine bila kutaja shida yake mbele ya mume wala majirani, aulize, arudi na jibu. Jibu likiwa hapana, mwombaji apewe angalau zile habari zisizomtaja mtu: kabila, mahali, magonjwa ya ukoo, na sababu ya kutolewa kama ipo. Lipo la kubadilishwa na Bunge katika hayo, na mengine yanatosha kwa waraka wa Kamishna. Majaji wabaki na kesi ngumu tu.

Naomba pia daftari ambalo upande wa pili nao unaweza kuliandika. Mama mzazi yeyote aliyetoa mtoto aweze kufika siku yoyote akasema nipo, namba yangu hii, au akasema nipo na msinitafute. Wa kwangu alikuwa hai mpaka 2016 na hakukuwa na mahali popote katika nchi hii pa kuandika neno “nipo”. Maziwa Makuu baada ya 1994 kulikuwa na redio iliyosoma majina ya waliopotezana kwenye vita, Gahuzamiryango ya BBC, na watu walikusanyika kwenye redio moja kambini wakisikiliza kama limetajwa la kwao. Walifanya hivyo katikati ya vita. Sisi tuna amani na tuna masjala.

Na majalada yapigwe picha, hata kwa simu, kuanzia yale ya makao ya watoto ambayo hayana hata shelfu. Msianzie na mapya yaliyo kwenye kompyuta, anzeni na yaliyo sakafuni.

Kuna wenzangu ambao hata hayo hayatawafaa, wale waliookotwa. Magazeti yanaandika “kichanga chaokotwa” na habari inaishia hapo. Kwa mtoto huyo, ripoti ya polisi ya siku ile ndiyo kitabu chake chote cha ukoo, na nimeonyeshwa moja yenye mistari miwili. Mwenye nayo ni mwanamume wa miaka 35. Inasema alikutwa “amefungwa khanga”. Khanga ipi, jamani? Khanga ina jina. Mwanamke akichagua khanga ya kumfungia mwanawe anayemwacha, kwa jinsi ninavyowajua wanawake wa kwetu, haokoti yoyote tu. Anayeandika ripoti aandike na maneno yaliyokuwa juu yake, aandike rangi, aandike kama ilikuwa mpya au ya kufulia, na khanga yenyewe ifuliwe itunzwe kwenye jalada. Gharama yake ni bahasha moja kubwa.

Yule mzee anaendelea vizuri. Mwaka jana alituma ndizi kwa basi, mkungu mzima, ukafika umeiva nusu. Hajawahi kunieleza alifikiri nini siku ile migombani na mimi sijamuuliza. Kaburi alinionyesha mwenyewe, kwenye safari ya tatu, akanikatia na jani la mgomba nikalie.

Fomu ya dawati nimeshaiandaa, ni karatasi moja, na nimeiambatanisha na nakala ya barua hii iliyopokelewa kwa mhuri masjala. Upande wa mbele ni wa anayetafuta. Upande wa nyuma ni wa anayetafutwa, una visanduku vitatu: nipigieni, nipeni muda, msinipigie. Mama ndiye aliyeongeza hicho cha katikati. Namba yangu ya simu iko chini ya fomu, na dukani nipo kila siku isipokuwa Jumapili.

Wenu mtiifu,
Fundi cherehani, Morogoro